Siku Musa Alipofikishwa Mkutanoni

Mimi hasira zangu ziko karibu, sikatai. Lakini yule mwinjilisti alinichokoza.

Tulikuwa tumehamishiwa kijiji cha ujamaa, upande wa Mungaa. Nilikuwa nimechumbiwa na kijana Mkristo, na kwetu hatukuwa na dini, kwa hiyo bila ubatizo hakuna ndoa. Ng'ombe walishafika kwa baba. Kilichobaki ni mtihani wa mwinjilisti.

Akaniuliza nani aliandika vitabu vitano vya kwanza vya Biblia. Nikasema Musa. Ningeacha hapo, yangeisha. Lakini nilikuwa nimesoma mpaka mwisho, nikamuuliza Musa aliandikaje kwamba amekufa, amezikwa, na watu wamemlilia siku thelathini. Akasema alionyeshwa yote mapema. Nikamwambia basi alikuwa na kazi kweli, kujiandikia matanga. Mwinjilisti akafunga daftari. Nimeanguka, nirudi mwakani.

Mwakani! Nililia njia nzima.

Siku zile kila jambo lilipelekwa mkutano wa kijiji: majembe, maziwa, mbuzi aliyekula mtama wa shamba la ujamaa. Baba akampeleka na Musa. Mwenyekiti wetu, Mwislamu aliyeheshimu manabii wote, akauliza kama Musa alikuwa kiongozi. Ndiyo. Alihamisha watu? Ndiyo, wakatembea miaka arobaini. Hapo akina mama wakaguna, wakauliza kama walikokwenda walikuta nyumba tayari.

"Mwenyekiti hashiki kalamu," akasema mwenyekiti. "Anasema, katibu anaandika. Na akifa, katibu ndiye anayeandika kwamba amekufa."

Wakanyoosha mikono, hoja ikapita: Musa alikuwa na katibu. Muhtasari ukagongwa muhuri, ukapelekwa kwa mchungaji.

Jumapili mchungaji akaja nao mkononi, anajizuia kucheka. Mwinjilisti akasimama kunishitaki: binti huyu ana mdomo, anamhoji hata Musa. Mchungaji hakuniuliza kitu. Akamgeukia mchumba wangu, mtu wa maneno matatu kwa wiki.

"Umesikia. Bado unamtaka?"

Niliogopa, jamani, kuliko nilivyoogopa mtihani. Mchumba akakuna kichwa, akaniangalia, akaangalia chini.

"Namtaka, Mchungaji," akasema. "Najua akimaliza na Musa atakuja kwangu. Nitamjibu."

Nilibatizwa asubuhi ileile huku nalia, na siku nzima sikumuuliza mtu swali lolote.