Kengele Iliyokuwa Mguu wa Katapila

Alasiri zimekuwa ndefu katika mtaa ule wa Nyakasanza, mjini Bunia. Zamani, jua lilipoanza kupoa juu ya mabati, nyundo ilianza: ko, ko, ko, kisha kimya cha mtu anayetafuta spana, kisha ko tena mpaka giza. Anastasie mshonaji, ambaye uzio wa miti tu ndio uliomtenga na ua wa Lambert, aliilaani nyundo ile miaka nenda miaka rudi. Sasa haipo. Anakanyaga cherehani mpaka mwisho wa pindo, anainua kichwa, anangoja.

"Hata usingizi ya mchana imenikimbia," alimwambia Emerance, mke wa Lambert, kupitia uzio. "Nani alikuambia nilikuwa nasema kweli nikilalamika?"

Emerance alicheka kidogo, akaendelea kuanika mihogo.

Kabla ya vita Lambert alikuwa dereva wa katapila, ile trekta nzito inayotembea kwa minyororo ya chuma badala ya matairi, na kusukuma udongo kwa bamba la mbele. Alimfanyia kazi tajiri mmoja wa kujenga barabara. Siku vita vilipowafikia alikuwa karibu na kijiji cha Marabo, anachonga njia ya mashamba. Wenzake waliruka wakakimbia. Yeye alizima injini kwanza, akafunika bomba la moshi kwa kopo la nyanya ili mvua isiingie, ndipo akakimbia. Baadaye watu walimtania kwa hilo kopo. Mtu anakimbiza roho yake, bado anaivalisha mashine kofia!

Aliporudi, miaka ilikuwa imepita. Watu walikuwa wanasema amani, lakini katika kila nyumba kulikuwa na furushi lililofungwa tayari nyuma ya mlango. Nyasi zilikuwa zimeimeza katapila hadi kwenye kiti, na kiti chenyewe hakikuwapo. Mabomba ya shaba yalikuwa yamekwenda. Mabamba ya minyororo yalikuwa yamekuwa vizingiti vya milango na vikanyagio vya kisimani. Lakini kopo lilikuwepo, limetoboka kama chujio, na chini yake injini ilikuwa imekauka bila kuoza. Tajiri, ambaye hakutaka tena kuiona Ituri, alimtumia neno: chuma hicho ni chako ukiweza kukiondoa.

Alikiondoa kwa vipande. Kiwiliwili kilipandishwa juu ya lori la rafiki wa zamani, minyororo na mabamba yake, aliyoyakomboa milangoni na kisimani, ikaja nyuma kidogo kidogo pamoja na magunia ya makaa. Uani, Lambert aliijaza injini mazuti, yaani dizeli, na mafuta machafu yaliyochanganywa, akaiacha inywe. Kila asubuhi aliishika kwa mtaimbo na kuivuta. Ilikataa, ilikataa, mpaka siku moja ikakubali robo ya mzunguko, kama mzee anayejigeuza kitandani. Pini za minyororo zilikatwa na mhunzi wa soko kutoka kwenye ekseli za malori yaliyokufa. Pale palipotaka kuzibwa ili maji yasivuje, alikata makaratasi magumu ya kalenda za mwaka uliopita. Lakini pampu ya mazuti haikuweza kubadilishwa na kalenda; ilibidi inunuliwe. Kwa ajili ya pampu, ng'ombe wa Emerance aliuzwa, yule aliyeachiwa na mama yake. Emerance hakulia. Siku ile alikaa tu bila kumwita mtu yeyote kwa jina.

Tangu hapo mashine haikuwa tena ya Lambert peke yake. Ilibidi itembee. Isipotembea, ng'ombe yule alikuwa ameuzwa bure, na Lambert alikuwa mtu anayecheza na vyuma nyuma ya nyumba ya mkewe.

Kitu kimoja kilibaki kukosekana. Kila upande wa katapila una gurudumu la meno linalovuta mnyororo, na la upande wa kushoto lilikuwa limefunguliwa na kuchukuliwa. Chuma cha namna ile hakuna fundi wa Bunia aliyeweza kukichonga. Lambert alilitafuta kwenye vyuma chakavu mpaka akachoka, kisha akalikuta Jumapili moja mbele ya kanisa dogo la kilimani, karibu na Marabo, limening'inizwa kwa waya kwenye mkaratusi. Katekista Ézéchiel alikuwa analipiga kwa bolti. Bolti pia Lambert aliitambua.

Alingoja misa iishe, akasimama mbele ya watu.

"Katekista, hii kengele yenu ni mguu ya mashine yangu."

"Papa Lambert," Ézéchiel akajibu, "mashine yako ilikufa, lakini mguu yake ilibaki inakimbiza siye wote."

Watu wakacheka, lakini ilikuwa kweli. Kengele ile ilipigwa polepole kwa sala, na haraka haraka kwa hatari, na waliokuwa hai pale wengi walikuwa hai kwa sababu ya ule mlio wa pili. Lambert akawaambia alichokuwa nacho cha kutoa: mashine ikipona, ataifungua tena ile njia aliyoiacha, kutoka kanisani mpaka barabara kubwa, na malori yatakuja kuchukua mihogo mlangoni. Wanaume walikuna ndevu. Mama mmoja akavua kitambaa chake, akainamisha kichwa ili wote waone utosi, mahali ambapo mizigo ilikuwa imekula nywele zote.

"Kengele haibebe muhogo," alisema, akajifunga tena.

Hivyo wakampa. Yeye akawaletea ringi ya gurudumu la lori badala yake, akaining'iniza mwenyewe. Aliigonga, akaweka kiganja juu yake. Miaka ya kukaa juu ya injini ilikuwa imemla masikio. Mlio aliusikia kwa mifupa, na sasa ulimpanda mpaka kwenye kiwiko.

"Inalia muzuri," alisema.

Ni nani atakayempinga mgeni mwenye mvi, aliyesafiri na zawadi begani? Wakasema ndiyo, inalia.

Katapila ilitembea asubuhi moja kabla ya mvua. Betri iliazimwa kwa kijana wa kuchaji simu. Injini ilikohoa, ikatema moshi mweusi, na kopo jipya la nyanya likaruka juu ya paa la Anastasie. Lambert alitoa sehemu ya uzio, akaitia gia, akaingia njiani. Chini ya nyayo zake chuma kilikuwa kinaimba, pande zote mbili sawasawa. Machozi yalimtoka bila kumwomba ruhusa. Aligeuka ili mtaa umwone.

Mtaa ulikuwa mtupu. Milango wazi. Sufuria ilikuwa inachemka peke yake juu ya mbabula ya makaa, na kwa Anastasie kitambaa kilikuwa bado chini ya sindano. Watu walikuwa wamesikia minyororo ya chuma ikisaga barabara, na kwa masikio ya Bunia mlio ule ulikuwa na maana moja tu: vifaru vya vita. Walikuwa wamebeba mafurushi yao na kukimbilia upande wa uwanja wa ndege, kama walivyofanya wakati wa vita. Lambert hakuwa amesikia kelele zao wala miguu yao.

Walirudi wanatembea polepole, kama watu wanaotoka mazishini. Anastasie alikuwa na godoro kichwani.

"Lambert! Weye na chuma yako!" alipiga kelele. "Nimeacha pesa, nimeacha cherehani, nimebeba godoro ya kunguni!"

Wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Lakini jioni ile Lambert hakula sana.

Ilibaki kungoja lori la kuipeleka Marabo. Kabla lori halijapatikana, alikuja Ézéchiel, vumbi mpaka kwenye nyusi. Walimpa kiti, wakampa chakula. Aliongea juu ya mvua, juu ya ugonjwa wa mihogo, juu ya ubatizo wa wajukuu. Kitu kilichotolewa mbele ya kusanyiko hakiombwi tena. Kinazungukwa tu, kama kisima chenye nyoka. Lambert alimtazama midomo na kungoja.

"Na kengele?" hatimaye aliuliza mwenyewe.

"Ringi inalia."

"Inafika?"

"Inafika kwenye inafika."

Emerance, aliyekuwa anamimina maji ya kunawa, alisimamisha jagi. "Katekista, batu ya ngambo ya bonde wanaisikia?"

Ézéchiel alinawa mikono muda mrefu kuliko uchafu wake. Kisha akasema. Juma lililopita ilikuja habari ya watu wenye bunduki. Aliipiga ringi mpaka bolti ikapinda. Wa kilimani walikimbia. Ng'ambo ya bonde, kwenye mashamba, hakuna aliyeinua kichwa. Wenye bunduki walishika njia nyingine, basi. Jioni watu waliporudi walimkuta mama mmoja mzee angali analima, akawauliza kwa nini leo nyumba zote zimefungwa mapema. Baada ya hapo walining'iniza na ringi nyingine kando ya ile ya kwanza. Hakuna kilichobadilika.

"Mungu alikuwa ngambo ile siku," Ézéchiel alisema. "Hatujue kama iko na wakati kila siku."

"Unataka niirudishe."

"Sikuje kuomba kitu, Papa Lambert. Nimekuja kuwasalimia."

"Na barabara?"

"Barabara inangojaka."

Akashukuru chakula, akaenda.

Lambert alibaki kwenye kiti. Mbele yake katapila ilisimama na bamba lake chini, nzima kwa mara ya kwanza tangu vita. Alikuwa amechoka uchovu usioisha kwa kulala. Emerance aliingia ndani, akatoka na spana kubwa, akaiweka magotini mwake.

"Ilikuwa chini ya kitanda," alisema.

"Na ng'ombe yako, Emerance?"

"Ng'ombe ilishaenda. Ule mama mzee angali iko."

Bolti za gurudumu la kushoto, alizokuwa amezikaza kwa furaha, zilikataa kufunguka. Alizilainisha kwa mafuta, akazigonga, na Anastasie ng'ambo ya uzio akaguna kwa sababu ya kelele, bila kujua kwamba ndiyo ilikuwa mara ya mwisho.

Alilipeleka gurudumu kwa pikipiki, limefungwa nyuma ya dereva kama mgonjwa. Ézéchiel alileta ngazi. Walipolitundika, Lambert alikataa kulipiga.

"Ngoja kwanza nivuke. Ukiniona kule juu, piga. Ya sala. Usiwatishe."

Aliteremka bondeni, akakanyaga kijito, akapanda upande wa pili mpaka penye mashamba, akageuka na kuinua mkono. Mbali, chini ya mkaratusi, aliona mkono mdogo wa katekista ukipanda na kushuka. Hakusikia kitu. Upepo, labda, na damu yake mwenyewe. Basi akawatazama wanawake waliokuwa wameinama kwenye mihogo. Wa karibu akanyoosha mgongo. Kisha wawili walio chini yake. Kisha, pembeni kabisa, mama mmoja mzee akaegemea jembe, akageuza uso kilimani, akafanya ishara ya msalaba.

Lambert alikaa chini kwenye tuta mpaka kengele ilipokoma, yaani mpaka walipoinama tena.

Njia ya mashamba ya Marabo haijafunguliwa, na mihogo bado inashuka kwa vichwa. Katapila iko uani Nyakasanza, ina kopo jipya juu ya bomba, na Emerance huanika mihogo juu ya minyororo yake. Lambert yuko mji wa Komanda, kwenye njia panda, anaziba matairi ya pikipiki ili apate riziki ambayo mashine haikuleta. Jumamosi hurudi Bunia kwa lori.