Siku Babu Alipoitwa Indefatigable

Maikrofoni ikikoroma tu kabla mtu hajazungumza, mimi hurudi Rhonda, mbele ya nyumba yetu, siku tuliyomuaga babu kabla ya kumsafirisha kwenda kuzikwa Bungoma. Nilikuwa darasa la sita, na niwaambie ukweli, Kiingereza changu kilikuwa cha kutisha. Ndiyo maana nilipewa mimi kusoma wasifu wa marehemu.

Baba mdogo ndiye aliyeuandika. Kwetu marehemu hasifiwi kwa Kiingereza chepesi, tena wazee waliofanya kazi na babu kiwandani wangekuwepo. Akamjaza babu maneno mazito mazito: magnanimous, perspicacious, na lile kubwa lao, indefatigable. Yeye alilitamka kwa kukazia "ga", kama vile ni Kiswahili. Nikalipeleka shuleni. Mwalimu akaniambia lina asili ya Kilatini, mkazo unakaa kwenye "fa", na maana yake ni mtu asiyechoka. Nikalifanyia mazoezi nikichota maji, nikiosha vyombo, mpaka mama akaniomba nimwache babu apumzike.

Siku yenyewe likatoka safi kabisa. Wazee wa kiwandani wakatikisa vichwa, baba mdogo akafumba macho kwa raha. Kukhu, ndivyo tulivyomwita nyanya, alikuwa ameketi kando ya jeneza, mkono juu ya kifuniko. Kiingereza hakukijua. Akanivuta sketi.

"Hapo umesema nini juu ya mzee wangu?"

Nikamjibu bila wasiwasi kwamba nimesema babu alikuwa hachoki.

"Alikuwa anachoka," akasema, na maikrofoni ikabeba kila kitu. "Akitoka kiwandani alikuwa anachoka mpaka anashindwa kutoa viatu. Mimi ndio nilikuwa namvua. Sema hiyo."

Baba mdogo alinikazia macho nisithubutu. Nikasema, kwa Kiswahili, vile vile alivyosema Kukhu. Wazee waliokuwa wakitikisa vichwa wakainama, na mmoja akatafuta leso mfukoni.

Nilinuna siku kadhaa. Niliona Kukhu ameniharibia neno nililolihangaikia hivyo. Ilibidi niolewe kwanza, nimngoje wangu mlangoni jioni, ndipo nielewe kwamba lile neno, hata ningelitamka vizuri namna gani, lilikuwa linamtoa Kukhu kwenye maisha ya mumewe. Mtu asiyechoka hana haja ya kuvuliwa viatu, na yeye alikuwa akimvua tangu walipooana.