Nani Aliyeua Redio ya Baba

Mama ameitwa muuaji kwa zaidi ya miaka hamsini. Lilikuwa neno la utani, na nyumbani kwetu Kisegi lilisemwa mbele ya wageni, mbele ya wakwe, wakati wowote mazungumzo yalipopoa. Siku ya mazishi ya Baba, mdogo wake anayekaa Oyugis alilisema kwenye kipaza sauti: "Marehemu alimiliki redio moja tu iliyompendeza, na shemeji yangu huyu akaiua." Watu walicheka mpaka nyuma ya hema. Mama naye alicheka. Nilikuwa nimeketi kando yake, nikaona vidole vyake vikikunja na kukunjua pembe ileile ya leso.

Wiki tatu baadaye alinipigia simu.

"Wewe ulikuwa mwandishi wa habari," akasema. "Umechunguza mambo ya watu wengi. Chunguza hili langu kabla sijamfuata baba yako."

Shtaka lenyewe lilikuwa hivi. Redio ilikuwa ya valvu, zile taa ndogo za kioo zilizofanya kazi kabla ya transista kuja. Stima haikuwa imefika kwetu, kwa hiyo ilitumia betri mbili: moja ndogo ya kupasha moto nyuzi zilizo ndani ya valvu, na nyingine nzito kama tofali, ya volti tisini. Betri zilipochoka, Mama alizianika juu ya bati, kama kila nyumba ilivyofanya na mawe ya tochi, ili jua lizirudishie nguvu za siku mbili tatu. Jioni moja alizirudisha ndani, na redio haikutoa sauti. Baba akatangaza kwamba mkewe amechanganya waya na kuunguza valvu zote. Aliiweka juu ya kabati, na hapo imekaa hadi leo.

Mimi naishi Awendo. Tangu nistaafu nimekuwa nikichezea vifaa vya elektroniki mezani kwangu: chaja, taa za vifaranga, redio ndogo za transista. Valvu sikuwahi hata kuishika. Basi nikaingia mtandaoni kutafuta mashahidi.

Nilikuta kumbe kuna watu, wengi wao wazee wa ng'ambo, ambao wamejaza mtandao michoro ya redio ambazo maduka yamekwisha kuzisahau. Tovuti moja inaonyesha valvu moja baada ya nyingine, kila moja na mpangilio wa miguu yake. Nyingine ina karatasi za mafundi zilizopigwa picha, na kwenye karatasi ya redio yetu kulikuwa na duara la kikombe cha chai cha fundi fulani nisiyemjua. Niliipeleka saiba, duka la intaneti, kuichapisha. Kijana wa pale aliigeuza mara mbili.

"Mum, hii ni ramani ya wapi?"

"Ya redio."

"Na redio inapotea?"

Kulikuwa pia na jukwaa la mazungumzo. Kabla ya kukuruhusu kuingia linakuuliza swali la ufundi: rezista yenye mistari mitatu myekundu ni ya omu ngapi. Nilijibu, nikangoja siku mbili, nikifungua ukurasa uleule asubuhi, mchana na jioni. Maziwa yalifurika jikoni mara mbili nikiwa nimeinamia simu. Waliponikubali, niliandika kisa chote, pamoja na bati na jua. Mmoja alisema volti tisini zikipita kwenye nyuzi hizo, valvu hufa kufumba na kufumbua, kwa hiyo mama yangu ana hatia. Mwingine alisema redio kama hiyo isiguswe, iwekwe makumbusho. Wakabishana kurasa tatu. Kisha mzee mmoja, aliyesema alitengeneza redio za aina hiyo ujanani, akaandika kwa ufupi: hakuna anayejua mpaka apime. Chomoa kila valvu, weka mita ya umeme kwenye miguu miwili iliyo kando ya nafasi isiyo na mguu. Mita ikionyesha namba, uzi ni mzima. Tumia mita ya tarakimu, ya mshale inaweza kuukata. Na sheria ya jukwaa ni moja, akamalizia: ukisaidiwa, rudi useme ugonjwa ulikuwa nini.

Sikuweza kungoja. Ijumaa ileile nilisafiri na mita kwenye mkoba, nikafika Kisegi jua likizama. Mama alinitazama nikiitoa.

"Sabato imeingia," akasema. "Irudishe."

"Mama, ni kupima tu."

"Hata kuhukumu ni kazi."

Siku nzima ya Jumamosi, baada ya kanisa, nilizunguka kiwanja kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mtandao hushika sehemu moja tu, kwenye ua upande wa sokoni, na nilikwenda pale mara nyingi kuona kama mzee ameongeza neno. Jua lilipozama nikaitoa mita tena. Mama akasema kesho, kwa mwanga, macho yake yashuhudie.

Jumapili saa mbili asubuhi nilifungua mgongo wa redio kwenye meza barazani. Ndani kulikuwa na kiota cha udongo cha nyigu na harufu ya nta. Valvu zilikuwa nne. Nilichomoa ya kwanza nikaweka mita. Haikuonyesha kitu.

"Imesema nini?" Mama akauliza.

"Bado."

Niliisogeza valvu kwenye mwanga. Kisha nikaona miguu ya valvu imeota weusi. Nikaikwangua taratibu kwa kisu, nikajaribu tena. Namba zikaruka, zikatulia.

"Iko hai."

"Rudia."

Nikarudia. Nikapima ya pili, ya tatu, ya nne. Zote hai. Nilitegemea atatabasamu, lakini alivuta kiti karibu.

"Basi aliyeiua ni nani?"

Nilitandaza mchoro, nikafuata waya mmoja mmoja kwa kidole. Ilinichukua karibu saa nzima, kwa sababu nilikuwa nikiutafuta uchakavu, kutu, kazi ya panya. Jibu halikuwa hapo. Waya mmoja wa spika ulikuwa umekatwa kwa koleo. Ncha zote mbili zilikuwa zimefungwa tepu nyeusi ya kitambaa, kila moja peke yake, na kusukumwa nyuma ya spika zisionekane.

Mama aliigusa tepu.

"Hii ni ya baiskeli ya baba yako," akasema. "Alifungia hata mpini wa jembe."

Nilimuuliza kama nilivyozoea kuuliza kazini: mwaka ule nani alikuwa akija hapa? Saa ngapi? Kwa muda gani? Akajibu polepole. Walikuja kila jioni, majirani na ndugu, kusikiliza taarifa ya habari, na habari ikiisha walibaki. Alipika chai sufuria mbili. Sukari haikufika mwisho wa wiki. Baba hakuweza kumwambia mgeni aende kwake, hakuna mtu wa kwetu anayeweza.

"Nilimwambia nimechoka. Akasema atafanya kitu." Aliigusa tepu tena. "Aliwaonea haya wao. Mimi hakunionea haya."

Nililehemu waya. Niliunganisha betri kumi za mraba za volti tisa, moja ikibana nyingine, na jiwe moja la tochi kwa nyuzi. Niliangalia miunganisho mara nne kabla ya kuthubutu. Spika ikakoroma, ikapiga mluzi, ikabaki inavuma kama mvua ya mbali. Stesheni hatukupata.

"Inatosha," Mama akasema. "Twende kwenye mtandao."

Alishika fimbo yake tukaenda pale kwenye ua. Nikaandika jukwaani ugonjwa ulikuwa nini. Mzee alijibu kabla hatujaondoka: Mwambie mama yako kwamba betri alizirudisha sawasawa. Mama akanitaka nimpigie shemeji yake wa Oyugis.

"Shemeji," akasema, "muuaji wa redio amepatikana."

"Kwani alikuwa amepotea? Si ni wewe?"

"Msomee," Mama akaniambia.

Nikamsomea baba mdogo maneno ya mzee, nikamweleza waya na tepu. Nyuma yake utingo alikuwa akiita abiria wa Kisii.

"Sasa kaka aikate yeye mwenyewe kwa nini?"

Mama akachukua simu. "Kabla hujahamia Oyugis, kila jioni ni nani alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka? Vikombe vitatu vya chai."

Nikasikia baba mdogo akisogea mbali na utingo.

"Nilidhani anapenda tusikilize pamoja," akasema.

Mama aliegemea fimbo yake. "Tukifanya kumbukumbu yake," akasema mwishowe, "utashika kipaza sauti kilekile."

"Nitashika, shemeji."

Akanirudishia simu na kuelekea nyumbani bila kugeuka. Jukwaani mtu mpya alikuwa ameuliza: waya ulikatwa na nani? Nilifuta majibu mawili, kisha nikaandika: mwenye redio.