Kitambaa Kilichogeuka Manjano

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na blauzi nyeupe ndizo zilizonifanya nimkosee mwanamke ambaye leo namheshimu kuliko wengi walionifundisha chuoni.

Alikuwa mama fua wangu. Kwao ni upande wa Kakamega, lakini alikaa Langas, na kila Ijumaa alikuja kwa miguu hadi kwangu, mtaa wa West Indies hapa Eldoret, leso kiunoni. Kuna watu hufua ili nguo ziishe. Yeye alifua kama mtu anayemuuguza mgonjwa. Nyeupe hazikukutana na za rangi hata kwenye beseni la kusuuzia. Kola alizisugua kwa kidole gumba, si kwa brashi, maana brashi, alisema, inakula uzi halafu uchafu unapata nyumba. Blauzi zangu za kufundishia zilirudi kabatini zikiwa nyeupe hivi kwamba watoto wa darasa la nne waliniuliza kama kila wiki nanunua mpya.

Kisha mwenye ploti ninayopanga akachimba kisima. Tulifurahi, kwa sababu maji ya mfereji yalikuja siku yalipojisikia kuja. Ya kisima yalitoka maangavu kabisa, ila yakilala kwenye ndoo usiku mmoja, chini hubaki vumbi jekundu. Sikujali. Nilinunua chupa kubwa ya dawa ya kung'arisha nguo, ile yenye harufu ya kupanda puani, nikamkabidhi.

"Mwalimu," aliniambia, "hii dawa na hii maji hazitasikizana. Wacha nitumie sabuni, nisuuze na maji ya mvua."

"Weka dawa, Mama," nikasema. "Na uweke ya kutosha."

Aliweka. Blauzi zikatoka na rangi ya kurasa za daftari la zamani. Nilimwambia asirudi tena.

Hapo mtu mwenye hasira za kawaida angekomea. Mimi Jumapili iliyofuata nilisimama katika mkutano wa akina mama wa kanisa nikawaonya: mama fua wa kutoka Langas anaharibu nguo nyeupe. Watatu kati ya wale akina mama walikuwa wakimpa kazi. Kabla ya wiki kwisha, wote watatu walikuwa wamemwachisha.

Mwezi uliofuata ikawa zamu yangu ya kitambaa cha meza ya Bwana. Kwetu kitambaa hicho huenda nyumba hadi nyumba. Kila mama hukichukua Jumapili moja, akakirudisha nyingine kikiwa safi na bila mkunjo, na hakuna anayesema kitu, lakini kila mtu huangalia. Pembe zake zilifumwa kwa mkono na akina mama walioanzisha kanisa letu, na wengi wao sasa wamelala makaburini.

Alhamisi jioni nilikiloweka kwa maji ya kisima na dawa, kwa mikono yangu mwenyewe, tena dawa ya kutosha. Asubuhi nikafunua beseni. Kilikuwa na rangi ile ile ya blauzi zangu, na pembeni, kwenye ule ufumaji wa marehemu, kilikuwa kimeiva zaidi. Nilitazama huku na huku kutafuta mtu wa kumlaumu. Hapakuwa na mtu. Mchimba kisima huingia mwenyewe, wahenga walisema, na mimi hata kuchimba sikuchimba. Niliketi kwenye kigoda nikaona haya. Haya yenyewe haikuwa ya kitambaa peke yake.

Mchana nilienda Langas. Nilimkuta mlangoni kwake akichambua mboga. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama kama mwanafunzi aliyechelewa. Hakucheka, na hakusema alikuwa ameniambia. Aliuliza tu, "Uko na maji ya mvua?"

"Sina, Mama."

"Nunua ndimu, kumi hivi. Nakuja kesho mapema."

Jumamosi alifika kwa bodaboda akiwa na mitungi miwili ya maji yaliyotoka kwenye paa lake. Hadi leo hilo linanishangaza. Mtu niliyemnyima kazi alinibebea maji.

Alianza kwa kusuuza. Alisuuza, akanusa, akasuuza tena. "Ndimu na hiyo dawa hazifai kukutana, zitatutoa machozi," alisema. "Harufu iishe kwanza." Ilipoisha, akakanda maji ya ndimu na chumvi kwenye kila sehemu ya manjano, akakitandaza kitambaa juani, nyasini, juu ya shuka safi. Kila kilipotaka kukauka alikinyunyizia tena. Alinieleza kwamba maji ya kisima chetu yana kutu iliyolala, na ile dawa huiamsha ikashika uzi. Nina diploma, na hilo sikulijua. Nilitazama vidole vyake vikipita kwenye ule ufumaji, tundu moja baada ya jingine, bila haraka, nikaona ninafundishwa na mtu anayejua kazi yake hadi mwisho.

Nilichuchumaa kando ya beseni. "Mama, nilikukosea. Nisamehe."

Hakuinua macho. "Mwalimu, ile neno ulisema ukiwa umesimama mbele ya watu. Sasa unaniomba msamaha ukiwa umechuchumaa hapa, mimi na wewe tu."

Nilichukua ndimu nyingine nikaikata.

Kufikia saa sita manjano yalikuwa yametoka. Akakifua kwa sabuni ya kipande, akakisuuza kwa maji yake ya mvua, na katika maji ya mwisho akatia buluu ya kufulia nguo nyeupe, kidogo sana, akichovya kwanza ncha ya leso yake kupima. Mawingu yalipoanza kukusanyika tulikuwa tunakikunja.

Jumapili mwenyekiti wetu, mama mzee asiyesifu ovyo, alishika pembe ya kitambaa mbele ya akina mama wote. "Tangu tukishone hakijakuwa hivi," alisema. "Mwalimu, Mungu akubariki hiyo mikono." Wakapiga makofi. Sitasema uongo, makofi yale yalikuwa matamu, na mama fua anasali kanisa jingine. Hakuna ambaye angejua.

Nilisimama pale pale niliposimama mara ya kwanza. Nikasema mikono si yangu. Nikasema nilikiharibu mimi, kama nilivyoziharibu blauzi zangu, na kwamba niliyewaambia anaharibu nguo ndiye aliyekiponya, kwa maji ya paa lake. Hawakupiga makofi. Mmoja wa wale watatu aliinama akatoa simu yake.

Jumatano nilimpigia mama fua kumwomba Ijumaa yangu ya zamani.

"Mwalimu, siku zimejaa," alisema, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akicheka. "Hata Ijumaa. Lakini wewe unajua sasa. Tega maji ya mvua."

Nimetega. Kila Ijumaa nachuchumaa kwenye beseni, nasugua kola kwa kidole gumba, na bado blauzi hazijafika pale alipozifikisha yeye.