Daftari Lililotundikwa Mlangoni

Walimwita Fundi Waya, na hata mwalimu mkuu alishasahau jina lake jingine. Kwa miaka kumi na minne alitunza chumba cha kompyuta cha shule ya sekondari: mashine ishirini na mbili, feni moja inayokohoa, na mlango uliovimba kila mvua iliponyesha, ukawa haufunguki ila kwa bega.

Kero yake kubwa ilikuwa usahaulifu wa wanafunzi. Kila Jumatatu nusu ya kipindi iliishia kwenye "Fundi, neno langu la siri limenitoka!" Basi akabuni dawa. Akaandika kwenye daftari jina la kila mwanafunzi na neno lake la siri, kwa mwandiko wake wa mviringo, akalitundika kwa kamba kwenye msumari karibu na mlango. Aliyesahau alichungulia, akaketi, kazi ikaendelea. Walimu wakamsifu, naye kichwa kikavimba kama ule mlango.

Msichana mmoja tu wa kidato cha tatu, mwenye miwani iliyofungwa uzi, ndiye aliyesita.

"Fundi, langu usiliandike, tafadhali. Mimi sisahau."

"Weee! Una siri gani, mwanangu? Za ikulu?"

Darasa likaangua kicheko. Msichana akalitaja kwa sauti ya chini, Fundi akaliandika.

Siri yake ilikuwa barua. Mama yake alifariki yeye akiwa darasa la sita, na kila wiki, akishamaliza zoezi, alimwandikia: leo shangazi amenigombeza, leo nimekuota, nguo yako ya kijani sasa inanienea. Hakuzituma popote. Zilikaa kwenye akaunti yake tu.

Alhamisi moja asubuhi barua nne zilikutwa kwenye ubao wa matangazo, na nyingine zilikuwa zinazunguka kwenye simu. Nani aliyezitoa, hakujulikana. "Mama, nimekuota!" waliigiza wavulana kwenye korido, wakibana pua. Msichana akachukua mkoba wake, akatoka getini, na kesho yake hakuonekana.

"Si aliacha akaunti wazi?" mwalimu mkuu alisema ofisini. "Hawa watoto hawasikii. Au wewe Fundi unaonaje?"

Fundi Waya alijua kwamba yule binti hakuwahi kuinuka kitini kabla ya kufunga akaunti yake na kuhakikisha mara mbili. Alijua pia daftari lilikuwa wapi.

"Inawezekana, mwalimu."

Maneno mawili tu. Mchana ule akalitoa daftari msumarini, akalizika kwenye droo chini ya nyaya mbovu.

Siku tisa zikapita. Ya kumi akafika kwa shangazi wa msichana, mshonaji mwenye cherehani barazani. Binti alikuwa anashona vifungo. Hakumwamkia, yeye ambaye hakuwahi kumpita bila shikamoo.

"Neno lako la siri walilisoma kwenye daftari langu, mwanangu. Kosa ni langu."

"Nilikuambia usiliandike."

"Nisamehe."

Binti akakata uzi kwa meno. "Shuleni umewaambia?"

Fundi akatazama viatu vyake.

"Kumbe!" Cherehani ilinyamaza. "Yaani, baba, nimemsema mtoto siku zote hizi kwamba kajianika mwenyewe, na wewe ulikuwa unajua?"

Kesho yake alisimama mbele ya shule nzima, daftari mkononi, akasema yote. Mwalimu mkuu akaandika barua ya kumwita msichana arudi. Wiki iliyofuata shangazi akairudisha mwenyewe mpaka chumba cha kompyuta, ikiwa haijafunguliwa.

"Ameshahamia shule nyingine, tangu juzi. Ungesema siku ile ile, baba, angekuwa amekaa pale kwenye kiti chake."

Siku hizi, wanafunzi wakianza kuandika maneno yao ya siri, Fundi Waya huwapa mgongo, akautazama ukuta wenye tundu la msumari.

"Fundi, geuka bwana, tumeshamaliza!" humcheka.

Naye huchelewa kugeuka.