Mpiga Picha Asiyebakiza Picha

Kwa miaka kumi na tisa Time binti Hamdan alikuwa akipiga picha mjini Wete, na ungemwomba akuonyeshe picha moja nzuri aliyowahi kumpiga binadamu, hakuwa nayo. Za pasipoti alikuwa nazo tele, watu wamekodoa macho kama wamekamatwa. Lakini zile alizozitolea jasho, za mabibi harusi, zote zilikuwa zimefungiwa makabatini mwa watu, na yeye hakuwa na haki hata ya kuziulizia.

Ndiyo kazi aliyoichagua, hakulazimishwa na mtu. Kwenye harusi za wanawake kule Pemba simu hukusanywa mlangoni, zikatiwa kwenye beseni. Mwenye kamera huwa mmoja tu, na huyo lazima awe mtu ambaye mama wa bibi harusi atalala usingizi kwa ajili yake, akijua picha za mwanawe, kichwa wazi na mabega wazi, hazitaangukia mikononi mwa wanaume. Time alikuwa na utaratibu wake. Akimaliza, huzihamishia picha kwenye flashi ya mama, kisha huzifuta zote kwenye kamera mbele yake, akamgeuzia kioo na kumwambia, "Tazama mwenyewe." Haikuishia hapo. Mama mmoja wa Mtambwe aliwahi kusikia kwamba picha zilizofutwa wapo mafundi wa kuzifufua, basi tangu siku hiyo Time huifunika lenzi, akabonyeza kurekodi, na kuiacha kamera irekodi giza mpaka kadi ijae. Kadi yake ndogo, nusu saa inatosha. Hapo hata fundi avae miwani mitatu, hapati kitu.

Roho yake lakini haikuwa harusini. Baba yake, Mzee Hamdan, alikuwa akiwapiga watu picha mbele ya pazia lililochorwa milima na maporomoko ya maji, vitu ambavyo Pemba nzima huvioni, na Time alikua akiliona lile pazia ni upuuzi. Siku asizo na harusi alipanda bodaboda kwenda Vumawimbi, kwenda msitu wa Ngezi, kwenda kwenye mnara wa taa wa Ras Kigomasha, akapiga pwani na miti ya kweli. Hizo alizitunza. Hizo hazikuwa na mwenyewe.

Mwaka jana Insiya, binti wa Hakimuddin, mwenye duka la vioo aliyempangisha chumba cha studio, akamletea habari ya maonesho ya picha Unguja. Wapiga picha wa visiwani walitakiwa kupeleka picha kumi, faili zenyewe zilivyotoka kwenye kamera, mwisho ni mwisho wa Septemba. Insiya alikaa na mafaili ya Time jioni nzima, akayapitia moja moja.

"Nzuri, Bi Time. Wallahi nzuri. Lakini wanataka mahali penye watu. Hizi zako zote hazina mtu."

"Watu ninao. Wako makabatini."

"Huwezi kuomba hata moja?"

Time akayafunga mafaili yake. Mtoto wa mjini humo humo, na anauliza swali kama hilo. Usiku huo alikasirika mpaka chakula kikamshinda, na hakujua amkasirikie nani.

Basi mwezi wa Agosti simu ikaja. Aliyepiga alikuwa Abdulnasir, meneja wa hoteli moja ya kitalii huko kaskazini. Walijenga kiwanja cha tenisi, na wamewaalika wachezaji wawili wa kulipwa, wa kweli, wanaozunguka dunia kwa mashindano, waje wapumzike wiki moja na wapigwe picha za kuitangaza hoteli. Mpiga picha wa Dar es Salaam ameumwa. Bi Time anaweza kuja kesho?

Time hakuuliza malipo. Aliuliza kitu kimoja: katika picha atakazopiga, anaweza kubaki na kumi, zikawa na jina lake?

"Hata ishirini," Abdulnasir akasema.

Asubuhi ya kwanza nusura arudi nyumbani. Tenisi alikuwa hajawahi kuiona ila kwenye televisheni, tena akipita. Wachezaji walikuwa mwanamke mrefu aitwaye Danka, na mwenzake wa kiume ambaye jina lake Time hakulishika hata siku aliyoondoka. Wote wawili hawakutulia hata sekunde. Yeye amezoea kumwambia mtu kaa, geuka, kidevu juu, na mtu akafuata. Hawa wanakimbia. Alipiga picha mia nne, na alipozitazama kivulini akataka kulia. Pale mpira upo, mtu hayupo. Pale mtu yupo, mpira umeshakwenda zake. Kuna moja ilikuwa na mguu mmoja wa Danka na wavu.

"Vipi, Bi Time?" Abdulnasir akauliza.

"Mwambie huyo dada asimame."

Abdulnasir akatafsiri. Danka akacheka, akaja mwenyewe mpaka kivulini, akatazama kile kioo kidogo, picha moja baada ya moja, bila dharau. Kisha akasema maneno mawili matatu na kuinua mkono wake wa kushoto.

"Anasema usiufukuze mpira," Abdulnasir akaeleza. "Anasema kabla hajaurusha juu, huvuta pumzi. Mtazame kifua."

Hapo Time akaelewa. Kumbe ni jambo analolijua siku zote. Bibi harusi naye huvuta pumzi kabla ya kuinua macho, na Time hajawahi kukosa macho ya bibi harusi yanapoinuka. Miaka kumi na tisa amekuwa akisubiri pumzi za watu.

Siku ya mwisho waliwapeleka Ras Kigomasha asubuhi, maji yakiwa yametoka na mchanga umekuwa mgumu kama sakafu. Danka alisimama pale mchangani na raketi yake, mnara wa taa nyuma yake, na kwa mbali kidogo wanawake wawili walikuwa wakitoka kwenye mashamba ya mwani, magunia kichwani, maji yakiwachuruzika mabegani. Danka akavuta pumzi. Time akabonyeza. Akatazama kioo, akakaa chini pale pale kwenye mchanga wa maji na baibui lake safi.

Danka alikuwa hewani, miguu yote miwili imeacha mchanga. Mpira ulikuwa kando ya kichwa cha mnara, umesimama. Na wale wanawake wawili wa mwani, kila mmoja mkono mmoja kwenye gunia, walikuwa wameinua nyuso kuutazama ule mpira. Ilikuwa ndiyo yenyewe. Wala hakuhitaji Insiya amwambie.

Alipiga nyingine nyingi baada ya hapo, tisa kati ya hizo nzuri kabisa. Alizihesabu njiani kurudi hotelini, moyo unamdunda kama msichana.

Hotelini wakala wa wachezaji alikuwa anasubiri na kompyuta yake, mizigo iko mlangoni, gari la uwanja wa ndege linanguruma. Hata watu walinguruma. Haraka, haraka. Time akampa kadi, wakala akahamisha picha, akamrudishia. Na Time, ambaye amefanya hivyo hivyo baada ya kila harusi kwa miaka kumi na tisa, ambaye vidole vyake havimuulizi tena, akaitia kadi kwenye kamera, akafuta zote, akamgeuzia yule wakala kioo.

"Tazama mwenyewe," akamwambia.

Yule wakala hakuelewa Kiswahili. Aliitikia kwa kichwa kwa adabu, akapanda gari. Abdulnasir aliona, akashangaa, lakini alidhani ndiyo desturi ya kazi yake, hakuuliza. Time akafunika lenzi, akabonyeza kurekodi, akaitia kamera mkobani, akapanda bodaboda kurudi nyumbani. Alikuwa na furaha, ndiyo balaa lenyewe. Njia nzima aliwaza namna ya kuipa picha ile jina, na mkobani kamera inarekodi giza.

Walipofika Konde simu ikalia. Insiya.

"Zimetoka? Nitumie moja tu, nione."

Time akaishusha simu. Alimwambia dereva asimame, akaitoa kamera. Kadi ilikuwa imejaa. Aliketi juu ya ukuta mfupi wa duka la watu, wapita njia wakimsalimia, "Bi Time, shikamoo," naye hawaoni. Angeibiwa angemlaani mwizi. Ingezama baharini angesema Mungu kapenda. Lakini huu ulikuwa mkono wake mwenyewe, tena ule mkono anaosifiwa nao.

Alimpigia Abdulnasir siku hiyo hiyo. Abdulnasir akasema zote zimekwenda na wakala, atamwandikia. Alimpigia wiki iliyofuata, akaambiwa bado hajajibiwa. Alimpigia mpaka akaona haya. Septemba ikaisha. Insiya alijaza fomu na picha za pwani zisizo na mtu, wakajibiwa barua nzuri ya kuwashukuru kwa kushiriki.

Na kama hilo halikutosha, habari ikatembea. Abdulnasir alimsimulia dereva wake kama kichekesho, dereva akaisimulia Konde, na ilipofika Wete ilikuwa imevaa nguo nyingine kabisa. Sasa ilikuwa kwamba wazungu walitaka kuondoka na picha za mwanamke aliye nusu uchi, Bi Time akazifuta zote, hata moja hawakuipata, meneja karibu alie. Time alijaribu kusahihisha mara mbili. Watu wakatabasamu. "Sawa Bi Time, tunajua huwezi kusema." Wakawa wanakuja kutoka mbali kumwekea siku. Harusi za Shaabani zilijaa kabla ya Rajabu kuingia, na kila aliyekuja alimpongeza kwa kile kile kinachomchoma.

Wa mwisho alikuwa Bi Laila wa Wingwi, aliyekuwa anamuoza mwanawe Ruweida. Alisema wazi: mume wangu hataki picha, nimemwambia ni yule aliyewafutia wazungu, ndipo akakubali.

Siku ilipofika, Time aliingia chumba cha bibi harusi mchana. Ruweida alikuwa mkekani, kichwa wazi, mikono imenyooshwa, hina na wino mweusi wa piko bado mbichi, wanawake kama kumi wamemzunguka. Time alikuwa anatafuta mwanga wa dirisha alipoinua macho ukutani.

Ilikuwa kalenda ya hoteli. Walizigawa vijijini mwaka mpya. Danka hewani, mpira kando ya mnara. Mwanamke mmoja wa mwani wamemkata kabisa, na wa pili wamembakisha uso na gunia. Chini kuna jina la hoteli, kubwa. Jina jingine hakuna.

Kumbe Abdulnasir alizipata.

"Unaitazama hiyo?" Bi Safaa, dada yake Bi Laila, akasema. "Mie kila siku huitazama. Huyo mwenye gunia anautazama mpira kama utamwangukia. Aliyepiga hii anajua kazi. Nani kapiga, Bi Time, humjui?"

"Mimi," Time akasema.

Ilimtoka tu. Ilikuwa imekaa kifuani miezi mitano.

Mwenye kupaka piko akasimamisha kijiti. Bi Laila akaitazama kalenda, kisha akaitazama kamera iliyo mikononi mwa Time.

"Si ulizifuta?"

Time akafungua mdomo aeleze. Aeleze nini? Wakala, kompyuta, flashi, kadi. Kila neno lingekuwa refu kuliko lile la kwanza. Pale mkekani Ruweida, bila kuambiwa na mtu, alikwishavuta kanga kwa viwiko, hina na yote, akajifunika kichwa na mabega.

"Nawatania," Time akasema. "Mie nimjue wapi? Mtu wa Dar huyo."

Wanawake wakacheka, Bi Safaa akampiga begani, Bi Laila akashusha pumzi. Mwenye piko akaendelea na kijiti chake. Ruweida akaishusha kanga polepole.

Time akapiga magoti mbele yake, akaipa kalenda mgongo, akasubiri pumzi.