Ngoma Nilizofundisha kwa Mdomo

Baba alinitumia ngoma tatu za kufundishia kwa basi kutoka Kakamega, zimefungwa kwenye gunia la mahindi, na sharti moja tu: asizipige mwanamke. Ngoma za isukuti kwetu Waluhya ni za wanaume, nililijua hilo tangu utotoni. Nilipozigusa nikiwa darasa la tatu nilinyang'anywa, nikatiwa mwiko wa ugali mkononi. "Mwiko wako ndio huu," Baba alisema, na jamaa wote wakaangua kicheko. Mimi sikucheka. Nilitaka kuzipiga kuliko nilivyotaka nguo ya Krismasi, na hamu hiyo haikuniacha hata nilipokuwa mwalimu wa muziki, mtu mzima, na chumba changu kimoja pale Kangemi.

Miaka ile ya elfu mbili na kitu nilifundisha shule ya wenye nazo, upande wa Westlands. Wahindi, Wakikuyu, Waluhya, Wasomali, Wajaluo, wote darasa moja. Nikabuni somo: kila mtoto alete wimbo wa kwao, sote tujifunze, na ole wake atakayecheka wa mwenzake. Nililipenda somo lile kupita kiasi, kwa sababu nikifika nyumbani sikuwa na mtu wa kuimba naye. Mama alishafariki. Nilibaki na Baba, na Baba alikuwa sauti ya simu kila Jumapili baada ya kanisa.

Basi nikafundisha ngoma nisizozigusa. Nilitamka midundo kwa mdomo, ku-tu-ku-tu, nikagonga dawati, wavulana wakapiga. Jamani, wewe umewahi kumpikia mtu chakula usichoruhusiwa kuonja? Walimu wenzangu walidhani nahofia kucha zangu. Niliwaacha na fikira zao.

Siku moja msichana wa Kihindi, Kalasinga, mwembamba, mwenye msuko mmoja mrefu wa nywele, alivua viatu, akaigusa ngoma kubwa kisha akagusa paji la uso wake. Kwao, kumbe, ndivyo chombo kinavyosalimiwa. Alikuwa akipiga tabla, ngoma zao za Kihindi, hekaluni.

"Ticha, na mimi?"

"Hii wasichana hawapigi."

"Lakini si ulisema wimbo ya kila mtu ni yetu sote?"

Yesu wangu! Nilijiona mnafiki, na kweli nilikuwa mnafiki. Nikamwambia angoje niulize wenye ngoma.

Wiki nzima nilijipanga. Nilijua ninamuulizia yeye na kujiulizia mimi. Baba akimfungulia msichana mmoja, atamfungia vipi wa pili? Jumapili nikakwangua kadi ya simu, nikampigia.

"Baba, kuna msichana anataka kupiga ngoma."

"Binti wa nani?"

"Mhindi. Kalasinga."

Alicheka mpaka akakohoa. "Huyo mwache apige, mama. Mwiko ni wa binti zetu. Mgeni haumfungi."

"Na mimi, Baba?"

"Wewe umekuwa mgeni lini?"

Alilisema kwa upendo, na hapo ndipo paliponiuma. Ningeweza kujifungia darasani nikapiga, nani angemwambia? Lakini angeniuliza, naye ndiye mtu pekee duniani ambaye sikuwa tayari kumdanganya.

Siku ya wazazi yule mtoto aliipiga ngoma kubwa kwapani, miguu mitupu, hadi kina mama wa Kihindi na wa Kiluhya wakatikisa mabega pamoja. Mimi nilisimama mbele nikiongoza kwa mikono mitupu. Nilifurahi, na niliona wivu. Yote mawili.

Walipomaliza, nyanya yake alinijia, akanishika mikono miwili. "Umefundisha vizuri, mwalimu. Sasa wewe mwenyewe tupigie kidogo." Ukumbi mzima ukapiga makofi. Mtoto akaninyooshea ngoma.

Nikasema mkono unaniuma.

"Upi, ticha?" akauliza, na uso umejaa huruma.

Sikujua nimwonyeshe upi.